Watu wamejaa chini ya mijakaranda ya Nakuru, niwapige picha vipi?

Swali: Mwalimu habari yako. Mimi niko Nakuru, nina Canon ya mtumba na lenzi yake ile ya 18-55. Jumapili mbili mfululizo nimepanda mtaa wa Milimani kupiga picha za mijakaranda, ile miti ya maua ya zambarau, maana saa hii imechanua vibaya sana, lakini kila picha imejaa watu, huyu anapiga selfi, yule anapozi, wengine wanarusha maua juu. Nikingoja waondoke wanakuja wengine. Nikisema basi wacha niwapige hao hao, picha inatoka fujo tu, vichwa na mikono. Nifanye nini? Na nikimpiga mtu picha bila kumuuliza, nina makosa?

Jibu: Dadangu mimi mzima, na swali lako limenifurahisha sana juu hata mimi nililala nalo miaka mingi. Ntaanza na ile sentensi yako ya katikati, "nikingoja waondoke wanakuja wengine". Hawataondoka. Mjakaranda ukichanua kando ya barabara, watu wanakuwa sehemu yake kama vile nyuki walivyo sehemu yake, na ukiendelea kungoja barabara iwe tupu msimu utaisha ukiwa umesimama pembeni umenuna, na mpiga picha aliyenuna watu wanamwona akiwa mbali wanamkwepa.

Mimi nilianza hii kazi hapa Nakuru wakati wa filamu. Rola moja picha 36, kila picha ni pesa, mteja anasimama wima mikono pembeni, anashika pumzi mpaka asikie shata imelia. Na mimi pia nilikuwa nawahi Milimani alfajiri nipate miti bila watu. Nina bahasha tele za hiyo miti. Nikizitoa leo nikazipanga mezani siwezi kukuambia hii ni ya mwaka gani na ile ni ya mwaka gani, mti ni ule ule, zambarau ni ile ile, lami ndio hiyo. Alafu kuna chache ambazo watu waliingia mbele ya lenzi nikakasirika, na hizo ndizo watu wananiomba nakala mpaka leo. Kuna moja kijana ameshika Nokia ndogo kwa mikono miwili, ameinyoosha mbele kama mtu anayepeana chai, na mbele yake dada wawili wameegemea shina, mmoja amebana kibeti kwa tumbo. Hiyo hata nisipoangalia nyuma ya picha nilikoandika tarehe najua ni enzi gani, nguo zinasema, simu inasema, hata vile wamesimama inasema.

Kwa hivyo mimi ningekuomba ugeuze shughuli yako kabisa. Usiende tena kupiga mijakaranda iliyoingiliwa na watu. Nenda ukapige watu wanaotafuta picha, na mjakaranda uwe ndio uliowaita. Vile watu wa Nakuru wanataka kuonekana mwaka huu, hiyo mwakani haitakuwa hivyo tena, na kama hakuna mtu ameiweka imeenda.

Tena sio sisi peke yetu. Wajapani wana neno hanami, yaani kuangalia maua, na kwao kujaa watu chini ya mti wa sakura ndiyo desturi yenyewe, wanatandika wanakula wanapiga picha. Kule Washington kuna ile miti waliyopewa na jiji la Tokyo mwaka 1912, miche 3,020, na kila ikichanua watu wanafurika kando ya maji. Tofauti ni kwamba wao wanabanwa na wakati, sakura ikishafunguka yote inakaa kama wiki moja hivi alafu petali zinamwagika, kwa hivyo mpiga picha wa huko ana wikendi moja, mvua ikinyesha hiyo wikendi basi mpaka mwaka ujao. Wewe una bahati ambayo hujaihesabu. Hapa kwetu hakuna majira ya baridi yanayoisha ndio maua yaje, ikweta iko kama kilomita 30 tu kaskazini mwa Nakuru, na mjakaranda, ambao ni mgeni kutoka Amerika Kusini, pande za Argentina na Bolivia, unafuata ukavu. Unapukutisha majani alafu unachanua kabla majani mapya hayajajaa, ndio maana unaona zambarau tupu bila kijani. Na unachanua kwa wiki nyingi, kuanzia Septemba mpaka Novemba hivi, mti huu ukimaliza ule wa pili ndio unaanza. Unaweza kurudi kwa mti mmoja mara kumi. Rudi kwa mti mmoja mara kumi. Usizunguke.

Sasa hiyo fujo. Picha zako zinatoka fujo kwa sababu unapiga umati, na umati hauna uso. Tafuta wawili. Kila mahali watu wanapiga picha kuna mmoja anayepiga na mmoja anayepigwa, na katikati yao kuna nafasi ya kama mita mbili tatu, na hiyo nafasi ndio ina mambo yote. Huyu anainama, anarudi nyuma, ananyoosha mkono kusema sogea kushoto, yule anavuta gauni, anafuta jasho kwa kiganja, anauliza "niko sawa?" Ukisimama pembeni ukawaweka wote wawili ndani, mmoja upande huu mwingine upande ule, picha ishapata uti wa mgongo, na hao wengine kumi nyuma watakuwa mazingira badala ya kuwa fujo.

Alafu subiri baada. Hili nalisema kwa kila mwanafunzi wangu na wengi hawaniamini mpaka walione. Mwaka jana nilikuwa nimekaa kwa ukingo wa mtaro, akaja nyanya mmoja na mjukuu wake, wametoka kanisani, nyanya amevaa leso mbili na sweta ya maroon, viatu vya ngozi vimepakwa rangi vizuri. Mjukuu akamsimamisha kwa maua. Nyanya akavuta leso ya kichwa mbele, akaipapasa kuona imekaa, akafuta midomo na nyuma ya mkono, alafu uso wote ukafunga, macho mbele, kidevu juu, kama mtu yuko kwa foleni ya kitambulisho. Mjukuu akapiga. Mara tu aliposema "tayari" yule nyanya akaachilia pumzi, mabega yakashuka, akacheka akiangalia chini, na mkono wake mmoja ukaenda wenyewe kushika shina la mti. Mjukuu alikuwa ashainamia simu hakuona. Mimi niliona. Hiyo picha niko nayo na nyanya mwenyewe ana nakala, nilimprintia nikampelekea.

Kwa hivyo wakati kila mtu ameshusha simu, wewe usishushe kamera. Sekunde mbili tatu baada ya picha yao ndio picha yako. Na kuna nyingine inakuja mara moja baada ya hiyo, wote wanakimbilia simu kuangalia imetoka aje, vichwa vinne vitano vinakutana juu ya skrini moja, mmoja anapiga kelele "futa hiyo, futa!", mwingine anavuta simu. Hapo wako karibu, hawapozi, nyuso zinaangalia mahali pamoja. Sijawahi kukosa picha nzuri kwa hicho kitu, na kinatokea kila dakika kumi.

Lenzi yako inatosha, usikope pesa ununue nyingine. Weka zumu kwa 35 hivi ukae hapo, hata ukitaka bandika kipande cha selotepu usiguse zumu, ili miguu yako ijifunze umbali. Kwa Canon hizo za sensa ndogo 35 inakupa upana kama wa kawaida wa jicho, utakuwa mita tatu nne kutoka kwa watu, karibu vya kutosha kusikia wanachosema. Ukifungua mpaka 18 utapata barabara nzima na anga kubwa nyeupe na watu wadogo kama njugu, na hata maua yataonekana machache kuliko yalivyo kwa sababu lenzi pana inatawanya kila kitu. Kinyume chake, ukitaka ile picha ambayo zambarau imejaa mpaka nyuma, weka 55, tafuta mahali barabara ina miti mingi kwa mstari, rudi mbali, kama mita 20 au 30, piga kwa urefu wa barabara. Umbali unakunja miti ikalaliana, na watu pia wanalaliana, hapo unaona simu sita zimeinuliwa kwa mstari mmoja. Hiyo moja au mbili zinatosha kwa stori nzima. Zilizobaki nenda karibu.

Mipangilio nayo isikuchanganye. Apacha, yaani lile tundu la lenzi, weka f/8 ukiwa mchana ili mpigaji na mpigwa wote wawe na fokasi, shata, yaani kasi ya kupiga, 1/250 ya sekunde juu mikono ya watu haitulii, wakianza kurusha maua au kuruka panda 1/500, ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, iache otomatiki lakini iwekee kikomo. Fokasi weka kwa anayepigwa, sio kwa simu iliyo mbele, isipokuwa umeamua kwamba unataka kuonyesha skrini. Na ukitaka kuonyesha skrini, yaani umesimama nyuma ya bega la mtu unaona nyanya mdogo ndani ya simu na nyanya mkubwa nyuma yake hana fokasi, angalia mambo mawili. Simu nyingi za siku hizi skrini zake zinawakawaka haraka macho yetu hayaoni, lakini shata ikiwa ya kasi inakamata mistari myeusi inayokata skrini, kwa hivyo shuka mpaka 1/60 au 1/125 ujaribu. La pili ni kwamba kwa jua kali skrini inaonekana nyeusi tu, ngoja kivuli ama ngoja jioni.

Jioni ndio neno. Mwisho wa Septemba, karibu tarehe 23, jua letu saa sita linakaa utosini kabisa, na Oktoba bado liko juu juu, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi, pua inaweka kivuli kwa mdomo. Sasa kuna shida ya hapa kwetu ambayo vitabu vya wazungu havina, taa nzuri na watu wazuri havikuji saa moja. Asubuhi saa moja zulia la maua chini liko safi, hasa kukinyesha usiku, lakini watu hawapo. Saa saba watu wametoka kanisani wamependeza, suti, vitenge, watoto na soksi nyeupe, lakini jua linaua. Mimi naingia saa tisa u nusu nakaa mpaka saa kumi na mbili na robo. Saa tisa u nusu ni ya kukaa tu na kuzoeleka, kazi yenyewe inaanza saa kumi na nusu jua likishuka kando na kupita chini ya matawi. Na usisahau Jumamosi, wengi wanaangalia Jumapili tu, lakini Wasabato wakimaliza ibada jioni ile wanakuja na kwaya nzima imevaa sare moja, na watu 20 wa sare moja chini ya zambarau, sina maneno. Kukiwa na mawingu mepesi nayo ni zawadi, hapo piga hata saa saba.

Rangi itakusumbua, nakuambia mapema. Zambarau ya mjakaranda kamera nyingi zinaivuta kuelekea bluu, na ile otomatiki ya rangi ikiona zambarau nyingi inadhani ni makosa inajaribu kuirekebisha, picha moja inatoka bluu, inayofuata inatoka kijivu, ya tatu nyuso zimekuwa za manjano. Toa otomatiki. Weka alama ya jua, ama ya mawingu ukiwa kivulini, usiiguse tena mpaka umalize, na piga RAW, yaani faili ghafi ya kamera, ili nyumbani urekebishe kwa utulivu. Ukirekebisha anza na ngozi za watu, ngozi ikikaa sawa basi ua likae vile litakavyokaa. Nimeona picha nyingi sana ambazo mtu amevuta zambarau mpaka ikawaka, na dada wa watu amegeuka rangi ya majivu. Hiyo inaniuma kweli, mtu ametoka nyumbani amejipaka mafuta amependeza.

Kuhusu ngozi pia, ukiwa na anga nyeupe nyuma, kamera itafanya nyuso zetu nyeusi tii. Ongeza mwangaza, +0.7 ama +1, kubali anga iungue kidogo. Ama toa anga kabisa kwenye picha. Zambarau iko mahali pawili, juu na chini. Ukichuchumaa vichwa vya watu vinaingia kwenye maua ya juu, vinatoka kwenye magari na mageti. Ukipanda juu, hata jiwe tu ama ukuta mfupi wa mtu aliyekuruhusu, ukielekeza kamera chini, zulia la maua ndio linakuwa ukuta wako wa nyuma na hakuna anga wala matatu wala bango la kuuza ploti. Milimani ni mteremko, kwa hivyo mara nyingi huhitaji kupanda chochote, simama tu upande wa juu wa barabara.

Na hakikisha watu hawagusani kwenye fremu. Wakigusana wanakuwa mnyama mmoja mwenye vichwa vitatu na miguu minne, hiyo ndio fujo uliyoiona. Sogea nusu hatua kushoto au kulia mpaka uone mwanya wa zambarau kati ya kichwa na kichwa, kati ya mkono ulioshika simu na uso wa anayepigwa. Nusu hatua tu. Nimeona wanafunzi wakibadilisha lenzi wakati walihitaji kusogeza kiatu.

Usiache kuangalia chini pia. Ua la mjakaranda linaanguka likiwa zima, kama tarumbeta ndogo ya urefu wa kidole, halianguki petali petali. Watoto wanajua kwamba ukilikanyaga likiwa bado na hewa linalia "pu", na ntakwambia ukweli, mtoto anayefuata maua ayapasue kwa kisigino huku mama yake anamwita aje kwa picha na hataki kuja, hiyo ni picha kubwa kuliko ile anayopigwa. Kuna nyuki huwa wanaingia ndani ya hayo yaliyoanguka, kwa hivyo wanaovua viatu wapige picha za miguu waambie waangalie kwanza. Siku moja nilinyamaza kwa sababu nilitaka picha, binti akaumwa unyayoni, na mpaka leo sijisikii vizuri nikikumbuka. Sema. Na kwa barabara pia sema, watu wakipozi katikati ya lami hawasikii boda, wewe ndiye uliyesimama mbali unaona gari likija, picha iache upige kelele.

Sasa swali lako la pili, la ruhusa, wacha nilijibu kwa makini juu naona wengi wanadanganyana. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Alafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na chini ya hiyo sura ya mtu inayotambulika ni data yake. Ukipiga kwa mambo yako binafsi ya nyumbani, sheria hiyo haikufuati, na kuna nafasi imeachwa pia kwa kazi ya habari na ya sanaa. Lakini ukichukua uso wa mtu ukauweka kwa tangazo lako la biashara, hata ni ukurasa wako mdogo wa kutafuta wateja wa harusi, hapo unahitaji idhini yake, na ni heri iwe ya kuandikwa. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alipiga shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ikapigwa zaidi ya milioni 1.8 kwa picha ya mteja. Sio mchezo. Mtoto, usimweke popote bila mzazi kukubali, na mimi hata kumpiga huwa namtafuta mzazi kwa macho kwanza nainua kamera kidogo, akitikisa kichwa naacha.

Hiyo ni sheria, sasa adabu. Watu wazima wanaopigana picha hadharani ni rahisi kuliko unavyoogopa, juu wameshakubali kuonekana. Lakini wamekubali kuonekana na simu yao, sio na kamera yako. Njia yangu mimi sijifichi. Nafika, nasalimia, kamera iko kifuani inaonekana. Ndani ya robo saa lazima mtu atanijia, "kaka, naomba utupige na hii simu yetu", maana kikundi kila mara kina mmoja anayebaki nje ya picha. Kubali. Piga vizuri, piga tano, wape simu, alafu sema "sasa mimi naeza endelea kuwapiga na yangu mkiendelea tu hivyo?" Hawajawahi kunikatalia ila mara mbili tatu, na wakikataa nasema asante nageuka. Na hapo wanaporudi kuangalia simu, unakumbuka niliyokwambia ya vichwa juu ya skrini, wewe uko mita mbili na una ruhusa.

Kuna siku jamaa na dada walikuja kwangu nikiwa tayari nimewapiga, picha nzuri sana, jamaa anamtoa dada ua kwenye nywele. Wakaniomba niifute. Hawakueleza na sikuuliza. Nilifuta mbele yao nikawaonyesha skrini. Sijui maisha ya mtu, na picha yangu haiwezi kuwa na thamani kuliko amani yake. Ukiombwa kufuta, futa, usianze kusoma vifungu vya sheria barabarani.

Ukirudi nyumbani utakuwa na picha kama 300. Usizichague usiku huo. Kaa siku mbili tatu, alafu fanya hivi, funika maua kwa kidole gumba. Kama chini ya kidole bado kuna kitu kinaendelea kati ya watu, weka. Kama bila maua imekufa, toa, hata kama zambarau imekaa vipi. Mimi 300 zikinibakishia saba nimeshukuru. Na katika hizo saba nataka mkono mmoja kwa karibu, kitu kama kidole cha mama kinachofundishwa mahali pa kubonyeza, nataka moja ya mbali, na nataka moja ya saa kumi na mbili na robo watu washaenda, maua yamekanyagwa yamekuwa kahawia kwa mstari mahali wote walisimama. Ule mstari unaonekana vizuri ukiinama chini, utaona miguu yote ilipanga hapo hapo, kila familia ilidhani imepata kona yake.

Jumapili hii nenda na betri moja na kadi moja, acha begi. Ile kona ya mti mkubwa kuna mama anayeuza njugu na mayai, yeye anawajua wote, anajua saa za kwaya, anajua mabibi harusi wanashukia wapi. Msalimie kwanza, nunua njugu za kumi, umuulize kama unaweza kuketi kando yake.